Ramani ya Maeneo Zilikorekodiwa Filamu Jijini Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wachoraji, wanafunzi wa sanaa na wapenzi wa filamu wanaotaka kutengeneza ramani ya mada moja tu, yaani mahali ambapo filamu zilirekodiwa ndani ya jiji. Mifano karibu yote imetoka Nairobi, kwa kuwa ni jiji lililopokea kamera za wageni na za wenyeji kwa miongo mingi, na kwa kuwa matatizo yake ya uchoraji yanamfundisha mchoraji mengi.

Alama moja kwenye ramani hii ina maana gani?

Alama inaonyesha mahali kamera iliposimama. Haionyeshi mahali ambapo hadithi inadai kutokea, wala mahali alipoishi mtu aliyesimuliwa, wala ofisi ya kampuni iliyotengeneza filamu. Sharti hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloitofautisha ramani yenye manufaa na orodha ya vivutio vya utalii iliyopambwa kwa mabango ya sinema. Mchoraji aliandike katika sentensi moja, alibandike mbele yake kabla ya kuchora chochote, na kila nukta anayotaka kuiongeza aipime kwa sentensi hiyo.

Je, makumbusho ya Karen Blixen hayastahili kuwa nukta ya kwanza?

Hapa ndipo ramani nyingi zinapopotoka. Watu wengi wanaozuru makumbusho yale ya mwandishi huyo wa Denmark, yaliyoko mtaa wa Karen, huamini kwamba wanatazama nyumba waliyoiona katika filamu ya "Out of Africa", inayosimulia maisha yake nchini Kenya, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutoka mwaka 1985. Nyumba ya makumbusho, iliyojengwa mwaka 1912 na kukaliwa na Blixen kuanzia 1917 hadi alipoondoka Kenya mwaka 1931, ndiyo nyumba ya kweli ya mwandishi huyo, na iliangukia mikononi mwa serikali ya Kenya ikiwa zawadi ya Denmark baada ya uhuru. Hata hivyo, nyumba iliyotumika kwa sehemu kubwa kwenye filamu ni ile ya Mbagathi, ambayo Blixen aliishi kwanza kabla ya kuhamia ya pili. Mitaa ya Nairobi ya miaka ya 1910 haikuwapo tena wakati wa kurekodi, hivyo ilijengwa upya huko Langata kwa ajili ya kamera, na matukio ya Denmark yalirekodiwa Uingereza. Makumbusho yalifunguliwa kwa umma mwaka 1986, filamu ikiwa tayari imetoka.

Je, makumbusho yaachwe kabisa? Sioni sababu ya kuyafuta, kwa sababu msomaji atayatafuta na asipoyaona atadhani mchoraji amesahau. Yawekwe kwa alama ya aina nyingine, kwa mfano mduara ulio wazi ndani, na ufunguo wa ramani ueleze kwamba mduara ulio wazi ni mahali panapohusiana na hadithi bila kuwa mahali pa kurekodi.

Filamu inayosema "Nairobi" lakini iliyorekodiwa kwingine iwekwe wapi?

Isiwekwe kwenye ramani yenyewe. "Eye in the Sky" ya mwaka 2015 inasimulia shambulio la ndege isiyo na rubani jijini Nairobi, na mtazamaji asiyeujua mji anaweza kuapa kwamba ameuona mtaa wa Eastleigh, ilhali ilirekodiwa Afrika Kusini. Kadhia hii ina upande wake wa pili: filamu kuhusu utawala wa Idi Amin, iliyotoka mwaka 1981, ilirekodiwa Kenya ingawa hadithi yake yote ni ya Uganda. Filamu ya namna hiyo inastahili nukta ikiwa tu mahali pake pa kurekodi pamethibitishwa kuwa ndani ya mipaka ya ramani, kwani kusema "Kenya" peke yake hakumwezeshi mtu kuchora nukta. Kisanduku kidogo pembeni chenye maneno "Nairobi ya kuigiza" kinatosha kwa filamu za kundi la kwanza, na mara nyingi ndicho wasomaji wanachokisoma kwanza.

Nitajuaje mahali halisi bila kuwa na nyaraka za watengenezaji?

Anza na filamu yenyewe, ukiisimamisha kila inapoonyesha nje, na uandike dakika na sekunde ya kila picha. Tafuta vitu visivyohama kwa urahisi: mstari wa vilima vya Ngong upande wa magharibi, mnara wa KICC (jengo la mikutano la kimataifa) uliofunguliwa mwaka 1973, njia ya reli inayokatiza mtaa wa mabanda wa Kibera, mabango ya majina ya barabara, na namba za njia zilizoandikwa kwenye matatu, yaani mabasi madogo ya abiria. KICC ikionekana kwa umbo lake la pembe nyingi, ukilinganisha na jengo jingine lililo mbele yake unaweza kuvuta mstari kwenye ramani, na mistari miwili ya namna hiyo ikikutana umepata mahali kamera ilipokuwa kwa kukadiria.

Vivuli pia ni mashahidi wazuri, ingawa wachoraji wengi huvipuuza. Nairobi iko kwenye latitudo ya takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini na vivuli huelekea kusini, na miezi iliyobaki huwa kinyume chake. Ukijua picha ilichukuliwa mwezi gani, kivuli cha adhuhuri kinakuambia kamera ilitazama upande upi. Ukijua upande, kivuli kinakuambia msimu. Njia hii haifai kwa picha za asubuhi au jioni kama hujui saa, wala kwa picha zilizowashiwa taa kubwa, na ndiyo maana isitumiwe peke yake.

Baada ya hapo nenda mahali penyewe. Wenye maduka, makondakta na wazee wa mtaa hukumbuka siku barabara ilipofungwa kwa ajili ya kurekodi, na hukumbuka hata nani alilipwa na nani hakulipwa. Maneno yao yaandikwe kama ushahidi wa mdomo, wala yasichanganywe na yale uliyoyaona mwenyewe kwenye picha.

Jedwali la taarifa liwe na safu zipi?

Jina la filamu, mwaka wa kutoka, mwongozaji, dakika na sekunde ya onyesho, maelezo mafupi ya onyesho, jina la mahali, latitudo, longitudo, chanzo cha taarifa, kiwango cha uhakika, na tarehe ambayo mahali palikaguliwa mara ya mwisho. Safu mbili za mwisho ndizo zinazorukwa sana, na ndizo zitakazokuokoa msomaji atakapokuandikia akikupinga.

Kiwango cha uhakika kionyeshwe kwa msomaji au kibaki kwenye jedwali?

Kionyeshwe. Chukua "The Constant Gardener" ya Fernando Meirelles, iliyotoka mwaka 2005. Kwamba sehemu yake ilirekodiwa Kibera, na nyingine Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, ni jambo lisilo na ubishi, na baada ya kurekodi kulianzishwa mfuko wa misaada wenye jina la filamu hiyo. Lakini kusema "Kibera" ni kutaja eneo la kilomita za mraba mbili na zaidi lenye maelfu ya nyumba. Mchoraji anayeweka nukta kali katikati ya Kibera anamdanganya msomaji bila kukusudia, kwa kuwa nukta kali inasema "hapa hasa". Ni afadhali kupaka eneo zima rangi hafifu na kuandika jina la filamu juu yake, kisha nukta kali ziwekwe pale tu onyesho fulani lilipotambuliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "Soul Boy" ya Hawa Essuman, ya mwaka 2010, iliyorekodiwa Kibera humo humo.

Viwango vitatu vinatosha: mahali palipothibitishwa kwa picha na kwa kuzuru, mahali palipotajwa na chanzo kimoja tu, na eneo la jumla. Ukigawa viwango vitano au sita, hakuna msomaji atakayeukumbuka ufunguo.

Ramani ya msingi nitaipata wapi bila kuvunja sheria?

Usinakili mistari ya ramani za kampuni za biashara zilizopo kwenye intaneti, kwa sababu masharti yao huwa hayaruhusu kuchora upya juu ya kazi yao. Chanzo kinachotumiwa zaidi ni OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, ambao taarifa zake ni huru kutumiwa mradi uwataje wachangiaji wake mahali panapoonekana. Ukichukua taarifa hizo na kuzichanganya na zako kuwa hifadhidata moja kisha ukaisambaza, hifadhidata hiyo nayo itapaswa kuwa huru kwa masharti yaleyale, bali picha ya ramani uliyochora inabaki chini ya leseni unayoichagua mwenyewe. Kwa sababu hiyo jedwali la filamu na taarifa za barabara zitunzwe mbalimbali.

Kwa Nairobi kuna sababu nyingine ya kukitegemea chanzo hiki. Hadi mwaka 2009 ramani nyingi ziliacha Kibera ikiwa karibu tupu, ingawa watu kwa maelfu waliishi humo. Mwaka huo vijana wa Kibera, chini ya mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS na kuziweka njia, shule, zahanati na mabomba ya maji kwenye OpenStreetMap. Bila kazi yao, nusu ya ramani ya filamu za Nairobi ingekuwa na majina yanayoelea hewani.

Je, nitumie programu gani?

QGIS kwa taarifa na Inkscape kwa urembo. Zote mbili hazilipiwi. Kwa ramani ya intaneti isiyohitaji kuandika msimbo, uMap inatosha.

Skeli na vipimo vya karatasi viamuliwe vipi?

Filamu za Nairobi zimejikusanya mahali pachache na kutawanyika kwingine: lundo moja liko katikati ya jiji, jingine Kibera, na nyingine chache Karen na Langata. Ukitaka karatasi ya A3, yenye upana wa milimita 420, ibebe kuanzia Karen upande wa magharibi hadi Kayole upande wa mashariki, skeli ya 1:75,000 itaenea vizuri. Tatizo ni kwamba kwa skeli hiyo katikati ya jiji patakuwa na ukubwa wa stempu ya posta, na nukta zitapandana. Dawa yake ni ramani ndogo ya pembeni ya 1:10,000, ambayo kwa sentimita 15 za upana inaonyesha kilomita moja na nusu, na mstatili mwembamba kwenye ramani kubwa ukionyesha eneo lililokuzwa. Kila moja iwe na mstari wake wa skeli uliochorwa, kwa sababu namba ya skeli inapoteza maana mara tu karatasi inapopunguzwa na mashine ya kunakili.

Kuhusu makadirio ya ramani, yaani namna ya kuutandaza uso wa dunia ulio duara kwenye karatasi bapa, Nairobi iko ndani ya kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, na kwa kuwa iko karibu na ikweta, hata makadirio ya kawaida ya ramani za intaneti hayapotoshi maumbo wala umbali kwa kiasi cha kumsumbua mtembea kwa miguu. Jihadhari zaidi na ramani za zamani za serikali zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali usiolingana na ule wa GPS. Ukiziweka juu ya taarifa za GPS bila kuzigeuza, nukta zitahama kwa takriban mita 300, umbali wa kutosha kuihamisha sinema nzima hadi mtaa wa pili.

Rangi na alama zichaguliwe kwa kanuni gani?

Ramani ya msingi inyamaze. Barabara ziwe za kijivu hafifu, mbuga na bustani za kijani kilichofifia, maandishi ya mitaa yawe madogo, ili nukta za filamu ndizo zinazokamata jicho. Jaribu la haraka ni kuchapisha rasimu kwa wino mweusi tupu: ikiwa nukta bado zinaonekana kabla ya barabara, mpangilio ni sahihi.

Kishawishi kikubwa ni kuipa kila filamu rangi yake. Ukiwa na filamu nne inawezekana, ukiwa na ishirini haiwezekani, kwa sababu jicho halitofautishi rangi nyingi hivyo kwenye nukta ndogo. Gawanya kwa vipindi au kwa aina ya kazi, kwa mfano filamu za wageni, filamu za Kenya kama "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, na tamthilia za mfululizo kama "Sense8", kisha kila nukta iwe na namba inayomwelekeza msomaji kwenye maelezo. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake. Wapo wasomaji wengi, hasa wanaume, wasiotofautisha rangi hizo, hivyo umbo la alama lisaidiane na rangi.

Nionavyo mimi, vipande vya ukanda wa filamu, viti vya mwongozaji na vibao vya kuanzia onyesho vimetumika mno kwenye ramani za aina hii. Mada inaweza kubebwa na vitu vya jiji lenyewe. Matatu zenye michoro zingekuwa chanzo bora cha mtindo wa herufi na rangi, na Nairobi ilikwishaonyesha njia mwaka 2014, wakati Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo washirika vya Marekani walipotoa ramani ya njia za matatu iliyochorwa kwa mistari ya rangi kama za treni za chini ya ardhi.

Majina ya barabara yaandikwe ya sasa au ya wakati wa filamu?

Ya sasa, kwa kuwa msomaji anatembea leo. Lakini kwa filamu za kabla ya uhuru au zinazoigiza enzi hiyo, jina la zamani liongezwe kwenye maelezo: Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, Moi Avenue ilikuwa Government Road, na Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street.

Kuna kundi jingine la majina ambalo ramani rasmi haziliandiki, nalo ni majina ya steji. Wakazi wa Nairobi bado wanashukia Odeon, Bellevue na Drive-In, na kuzunguka Globe, majina yaliyoachwa na sinema ambazo watu wa leo wengi hawakuwahi kuketi ndani yake. Shan ya Ngara nayo sasa ni ukumbi wa sarakasi na burudani. Tabaka dogo la sinema hizo za zamani linaifaa ramani hii, kwa sababu linamsaidia msomaji kuuliza njia kwa jina ambalo kondakta atalielewa.

Nifanye nini kuhusu nyumba za watu na mitaa ya mabanda?

Nyumba inayokaliwa isiwekewe nukta kali wala anwani, hata kama picha zake zimejaa kwenye intaneti. Taja eneo tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa inayoweza kumtambulisha mtu na makazi yake haipaswi kutapanywa kwa sababu tu ukuta wake ulipita kwenye filamu.

Kibera inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ramani inayowaelekeza wageni kwenye vichochoro huwaleta watu wenye kamera milangoni mwa wenyeji wasioombwa ruhusa. Kabla ya kuchapisha, rasimu ionyeshwe kwa vikundi vya vijana vinavyofanya kazi mtaani humo, na kama wanaona nukta fulani iondolewe, iondolewe. Ramani ikiwa na nafasi ya maelezo, ielekeze wageni kwa waongozaji wa mtaa wenyewe, ili atakayefaidika na umaarufu wa filamu awe mtu wa mahali hapo.

Ninaweza kutumia picha zilizokatwa kutoka kwenye filamu?

Bila idhini ya mwenye haki, hapana, hasa kama ramani itauzwa. Jina la filamu unaweza kulitaja. Picha, bango na mwandiko wake wa kipekee ni mali ya wengine. Chora onyesho kwa mkono wako mwenyewe ukilionyesha jengo badala ya sura ya mwigizaji, au upige picha mpya ya mahali hapo kama palivyo sasa. Uzingatie pia kwamba Ikulu, kambi za jeshi na baadhi ya majengo ya serikali hayapigwi picha ovyo.

Filamu iliyozuiwa kuonyeshwa nchini iwekwe?

"Rafiki" ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nchini mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba. Ramani haionyeshi filamu, inaonyesha mitaa, na kuiacha kungeleta pengo katika historia ya sinema ya jiji. Maelezo yake yaseme jambo hilo waziwazi kwa sentensi moja, bila kuligeuza kuwa hoja.

Ramani ihuishwe mara ngapi?

Kila inapochapishwa upya, na angalau baada ya kila ujenzi mkubwa. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa takriban kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 na kubadilisha sura ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, hivyo onyesho la mwaka 2012 lililorekodiwa kando ya barabara hizo halitambuliki tena ukisimama pale pale. Kibera nako, nyumba na shule zilibomolewa Julai 2018 kupisha barabara mpya, na huenda vichochoro vilivyoonekana kwenye filamu vimekwenda nazo. Nukta ya mahali palipobomolewa isifutwe. Ibadilishwe kuwa alama yenye mstari wa kukatiza, iandikwe mwaka wa kubomolewa kama unajulikana, na tarehe ya toleo la ramani ichapishwe kwenye kona ya chini, karibu na jina la wachangiaji wa ramani ya msingi.